Kubadili honi ya gari dogo uweke yenye sauti kubwa: ni usalama au ni kelele?

GiaYaTano (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa moyoni tangu juzi. Gari langu ni dogo, na honi iliyotoka nayo kiwandani inalia kinyonge, kama inaomba msamaha. Juzi niko barabara kuu, lori likaanza kuhamia upande wangu. Nimebonyeza honi mpaka kiganja kikaniuma, dereva hana habari. Nimeokoka kwa kutoka nje ya lami, tairi mbili kwenye changarawe.

Nimeamua. Naivua hii, naweka honi ya upepo yenye kompresa (pampu ya kubana hewa) na tarumbeta mbili. Mtu asipoisikia hiyo basi ni kiziwi. Nyumbani wananipinga, wanasema natafuta ugomvi na majirani. Naomba maoni: mwenye gari dogo ana haki ya kuwa na sauti kubwa, au hizo ni za malori na mabasi peke yao?

ChuiWaUsiku
Weka, mkuu, usiulize mtu. Mimi ninayo mwaka wa tatu sasa, boksi limeandikwa desibeli 150, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Nikiigusa kidogo tu watu wanapisha. Barabara ni ya mwenye sauti.

FundiNyaya
Kabla hujavua chochote, pima. Honi nyingi zinazoitwa dhaifu hazijafa, zina njaa ya umeme. Weka mita kwenye pini mbili za honi huku mtu anabonyeza. Ukisoma volti 12 na kitu, basi honi yenyewe imechoka. Ukisoma 9 au 10, tatizo liko njiani: kutu kwenye ethi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi), waya mwembamba, au kontakti za usukani zimeungua.

Ndani ya honi ya kawaida kuna bamba la chuma. Sumaku inalivuta, likivutwa linakata umeme wake lenyewe, linarudi, linavutwa tena, mara mia nne na zaidi kwa sekunde. Volti ikipungua bamba halivutwi sawasawa, unasikia kikohozi. Nimeona watu wametupa honi nzima ambayo dawa yake ilikuwa msasa na boliti moja. Mafundi wengi wa siku hizi hawapimi, wanauza.

DerevaWaMasafa
Mleta mada, umelitaja lori. Miaka 17 nipo kwenye kiti hicho, kwa hiyo nitakujibu kama mimi ndiye niliyekuwa humo. Nimekaa juu yako. Injini iko chini ya miguu yangu, vioo nimefunga, tairi zinaunguruma. Wewe ulikuwa ubavuni mwangu, mahali ambapo kioo hakikuoni. Honi yako inatazama mbele, kwa hiyo wa kwanza kuisikia ni tairi zangu. Halafu unakuja hapa unaandika "dereva hana habari" kama vile nilikuwa nimelala.

Uliingia mwenyewe pasipokalika. Usimtupie lori.

GiaYaTano
Kaka, sikukaa hapo, nilikuwa napita. Kupita ni kosa siku hizi?

DerevaWaMasafa
Kupita si kosa. Kupita taratibu ubavuni mwa lori ndilo kosa. Unapita au hupiti.

FundiMwenzako
@FundiNyaya, umesema mafundi wa siku hizi hawapimi, wanauza. Sema wewe uliowaona. Nina miaka 11 kwenye umeme wa magari na sijawahi kumfungia mtu honi bila kuweka mita. Unaweza kutoa somo bila kupaka wenzako matope.

FundiNyaya
Nimesema wengi, sikusema wote. Kama hukuguswa usingejibu.

FundiMwenzako
Nimeguswa kwa sababu mteja akisoma hapa kesho anakuja kwangu amekunja uso.

HesabuHazidanganyi
Wakuu, tuache mafundi waelewane. Nataka kurudi kwenye hiyo 150 ya ChuiWaUsiku. Namba ya desibeli bila umbali haina maana. Imepimwa kutoka wapi, mdomoni mwa tarumbeta au mtaa wa pili?

Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa, ile ya honi, inapima kifaa kutoka mita 2: kwa magari kisipungue desibeli 105 wala kisizidi 118. Ikishafungwa kwenye gari inapimwa tena kutoka mita 7 kwa mbele, isizidi 112. Kwa hiyo honi ya kiwandani iliyo nzima si kinyonge hata kidogo.

Sasa umbali. Kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Honi inayosoma 105 kwenye mita 7 inasoma 99 kwenye mita 14, 93 kwenye mita 28, 87 kwenye mita 56. Hapo bado haijagonga kioo kilichofungwa na redio iliyowashwa. Ukiongeza desibeli 6 kwenye honi yako, umesogeza tu ile 87 kutoka mita 56 hadi 112.

ChuiWaUsiku
"Tu"? Umesema mwenyewe umbali unakuwa mara mbili! Gari likiwa kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Mita 56 ni sekunde 2, mita 112 ni sekunde 4. Hizo sekunde 2 za ziada ni maisha ya mtu. Asante kwa hesabu, umenitetea.

HesabuHazidanganyi
Kama unamwona kutoka mita 112 na unajua atakuletea hatari, una sekunde 4 za breki pia. Honi ya nini?

PikipikiNiMaisha
Nyote mnaongea mkiwa ndani ya mabati. Mimi ngozi yangu ndiyo bodi. Pikipiki ndogo zimewekewa kiwango cha chini kuliko magari, honi inalia kama nzi kwenye chupa. Nilifunga honi mbili za konokono, moja mlio mzito na moja mwembamba, nikapitisha kwenye relei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), waya moja kwa moja kutoka betri na fyuzi yake. Wiki ya kwanza tu mtu alikuwa anafungua mlango wa gari lililoegeshwa, nikabonyeza, akaurudisha. Ule mlango ungenikata kifua. Wanaosema honi kubwa ni kelele waje wapande nyuma yangu siku moja.

FundiNyaya
Huyu amefanya inavyotakiwa. Naomba msome tena hapo kwenye relei, maana watu watanunua honi ya upepo na kuunga kwenye waya ule ule wa zamani. Honi ya kawaida inakula ampea 4 au 5. Kompresa inaweza kula 15 hadi 20. Waya wa kiwandani ulipangiwa ile ya kwanza. Ukibonyeza, fyuzi inakatika. Mwenye gari anakasirika, anaweka fyuzi kubwa zaidi, sasa kinachokatika ni waya, na waya haukatiki kimya, unayeyuka. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Ukiipandisha bila kubadili waya umeondoa mlinzi.

FundiMwenzako
Hapa nakuunga mkono, ingawa hujaniomba radhi.

KimyaKingi
Nimesoma uzi wote, lakini kuna sentensi moja sikuivuka. "Mtu asipoisikia hiyo basi ni kiziwi."

Mimi ni kiziwi. Nilipata homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka 4. Natembea barabarani kila siku, navuka kila siku. Nataka kuwaeleza honi ikilia nyuma yangu naiona wapi. Naiona kwenye nyuso za watu wanaokuja mbele yangu. Wote wanatazama kitu kimoja nyuma ya bega langu, na mmoja wao macho yanapanuka. Hapo najua nina muda mfupi sana. Kukiwa hakuna mtu mbele yangu, sijui kitu.

Kuna siku gari lilinipita likanigonga mkono kwa kioo cha pembeni. Dereva alisimama, akashuka, akanifokea. Midomo yake niliisoma vizuri: nimekupigia honi mara tatu. Alikuwa na nafasi ya kupiga honi mara tatu, mguu wake haukwenda kwenye breki hata mara moja. Aliamini honi imeshamfanyia kazi. Ingekuwa ya desibeli 150 angeamini zaidi.

GiaYaTano
Ndugu yangu, sikukukusudia wewe. Ni msemo tu wa kawaida.

MamaPacha
Msemo wa kawaida kwa nani? Mwanangu mmoja anavaa shimesikio, kifaa cha kumsaidia kusikia. Kila siku anausikia huo msemo wa kawaida, kwa sababu huo anausikia.

ChuiWaUsiku
Jamani, mada ni honi. Sasa mtu akiwa hasikii si avae kizibao chenye kung'aa au alama yoyote mgongoni ili madereva tujue? Sisemi kwa ubaya.

MamaPacha
Husemi kwa ubaya lakini umesema. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 aandikwe mgongoni ili wewe usipunguze mwendo?

ChuiWaUsiku
Dada, umenibebesha maneno. Nimesema kumlinda.

MwalimuMstaafu
Nisaidie hapo, mwanangu. Mimi si kiziwi, lakini nina miaka 71 na sauti nyembamba zimeshanitoka masikioni. Alama yangu niandikwe nini? Na mwenye hedifoni? Na aliyebeba mtoto anayelia? Na aliye kwenye mawazo ya msiba? Utaandika migongo mingapi?

TaaNyekundu
Mimi nitasema msichotaka kusikia. Kama honi ni chombo cha usalama, asiyeisikia hapaswi kuendesha gari. Kwa miguu sawa, usukani hapana.

KimyaKingi
Marekani viziwi wanaendesha, Uingereza wanaendesha, na mimi ninayeandika hapa ninayo leseni. Natazama vioo mara nyingi kuliko wewe kwa sababu najua sisikii. Dereva aliyefunga vioo vinne, kipozahewa kimewashwa na muziki juu, naye hasikii. Yeye hajui kwamba hasikii, anasubiri honi imwamshe. Nani kati yetu unamwogopa zaidi akiwa nyuma yako?

TaaNyekundu
Nimekuelewa kwenye vioo. Kwenye ambulansi bado nina wasiwasi.

KimyaKingi
Ambulansi ina taa. Iliwekewa taa kwa sababu.

ChapaLapa
Mimi natembea kwa miguu, sina gari, na sijawahi kuingia kwenye nyuzi za magari. Nimeingia kwa sababu ya ndugu KimyaKingi. Mimi nasikia vizuri, na nawaambia hata kwetu tunaosikia honi kubwa haisaidii kama mnavyodhani. Ikinilia ghafla karibu, sijui imetoka upande gani. Nashtuka, nasimama katikati ya barabara kama nguzo. Kichwa kinazunguka kutafuta. Kile ninachohitaji ni kujua liko wapi, na sauti kubwa inajaa kote.

HesabuHazidanganyi
Hilo lina maelezo. Sikio linatafuta upande kwa kulinganisha linachopata la kulia na la kushoto, na mlio wa noti moja au mbili unalipa kidogo cha kulinganisha, hasa kwenye majengo ambako unarudi kutoka kila ukuta. Ndiyo sababu ving'ora vya kurudi nyuma vya mitambo mingine siku hizi vinatoa mvumo kama wa maji badala ya "pii pii". Mvumo una masafa mengi kwa pamoja, sikio linaupata upesi.

MzeeWaVitabu
Nikumbushe jambo. Honi ya zamani iliyoitwa klaksoni, nafikiri aliitengeneza Edison, yule mvumbuzi. Halafu mtu huyo huyo akatengeneza kifaa cha kuwasaidia wasiosikia. Ajabu ya dunia.

Kumbukumbu_Ndefu
Si Edison, mzee wangu. Ni Miller Reese Hutchison, Mmarekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Edison alikuja kumwajiri baadaye kama mhandisi mkuu wa maabara yake, labda ndipo majina yalipochanganyika. Na kifaa cha kusikilizia alikitengeneza kwanza, klaksoni ikafuata. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kupiga ukelele.

MzeeWaVitabu
Asante kwa kunisahihisha. Kumbe mtu mmoja alijua pande zote mbili za huu uzi.

TaaNyekundu
Tukiwa kwenye historia: kuna mji huko India polisi walifunga vipimo kwenye taa za barabarani. Watu walipopiga honi sana wakisubiri, taa nyekundu ilianza kuhesabu upya. Nadhani Delhi.

HesabuHazidanganyi
Mumbai, ilitangazwa 2020. Kelele zilipovuka desibeli 85, watu walisubiri upya. Na Kathmandu walipiga marufuku honi zisizo za lazima tangu Aprili 2017.

PikipikiNiMaisha
Na wa pikipiki aliyekaa kimya kwenye hiyo taa naye anaadhibiwa pamoja na mwenye gari nyuma yake? Hiyo ni haki ya wapi?

TaaNyekundu
Ndiyo shinikizo lenyewe. Jirani anamkemea jirani.

PikipikiNiMaisha
Jirani wa kwenye bati hakemewi na mtu.

Wakili_wa_Njia
Naomba niweke kifungu mezani, maana neno "haki" limetumika tangu mwanzo bila kushikwa. Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa 1968, kifungu cha 28, unaruhusu honi kwa mambo mawili: kutahadharisha ili kuepusha ajali, na nje ya makazi, kumjulisha dereva kwamba unataka kumpita. Na mlio usirefushwe kuliko inavyohitajika. Haki mliyo nayo ni ya kutahadharisha. Kusukuma watu wapishe, kama alivyoandika ChuiWaUsiku, haimo.

DerevaWaMasafa
Ahsante sana wakili! Rudia hapo: kumjulisha kwamba unataka KUMPITA. Sasa namuuliza mleta mada. Ulinipigia honi kabla hujaingia ubavuni mwangu, wakati bado uko nyuma na kioo kinakuona? Au uliikumbuka nilipoanza kuja?

GiaYaTano
Si wewe uliyekuwa kwenye hilo lori.

DerevaWaMasafa
Jibu swali.

ChuiWaUsiku
Mnamwandama mtu aliyekaribia kufa. Kila mtu hapa ana kidole cha kunyooshea. Mimi nimemwambia weka honi, narudia weka. Na wakili, wanapisha kwa sababu wamesikia, sijamgonga mtu miaka mitatu.

MamaPacha
Miaka mitatu watu wanakimbia mbele yako na wewe unahesabu kuwa umeendesha vizuri.

ChuiWaUsiku
Dada, tangu jana umenishika mimi tu.

MamaPacha
Kwa sababu uliongea kuhusu mgongo wa mwanangu.

ChuiWaUsiku
Basi lile la alama nalifuta. Niliandika haraka, sikumfikiria mtoto. Honi siifuti.

MamaPacha
Nimepokea.

GiaYaTano
Wakuu, nimerudi. Nilikaa kimya makusudi. Jana nimepima kama alivyosema FundiNyaya. Nilisoma volti 9.4 kwenye pini. Nikafungua boliti ya ethi, chini yake kutu nyekundu tupu. Nimepiga msasa, nimepaka grisi, nimekaza. Sasa 12.3, na honi imekuwa nyingine kabisa, jirani ametoka nje kuangalia. Nakiri sijanunua ya upepo bado.

DerevaWaMasafa, nimefikiria swali lako siku mbili. Hapana. Sikupiga kabla. Nilikuwa nimekaa hapo ubavuni nikisubiri mlima uishe ndipo nimalize kupita.

DerevaWaMasafa
Sasa tunaongea. Usikae hapo tena, kaka. Nakuambia kama ndugu.

KimyaKingi
Na mimi nina swali moja, silo la kukushtaki. Lori lilipoanza kuja, ulibonyeza honi mpaka kiganja kikauma. Mguu ulikuwa wapi muda huo?

GiaYaTano
Nimelisoma swali lako usiku nikashindwa kujibu. Ulikuwa kwenye mafuta. Mkono ulibonyeza, mguu ukabaki pale pale, mpaka nilipoona changarawe.

KimyaKingi
Ahsante kwa kusema.

MgeniHapa
Wakuu samahani, nimechelewa. Hiyo relei ya honi ni ya pini 4 au pini 5?

FundiMwenzako
Pini 4 inatosha. Pini yenye namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye honi, 85 na 86 ndizo za kuiamsha. Ukikuta ya pini 5, ile 87a ya katikati iache wazi, ukiiunga honi italia muda wote mpaka ubonyeze.

FundiNyaya
Na honi ielekeze mdomo chini kidogo, isikusanye maji. FundiMwenzako, kwenye lile neno langu la mafundi, nisamehe.